Fimbo ya Marehemu Baba

Liko swali linalotokea mara nyingi katika nyumba ya msiba, baada ya matanga kwisha na wageni kwenda zao. Vitu vya marehemu vimetolewa nje: nguo, vyombo, kiti chake, jembe lake. Vingine hugawanywa upesi, kwa kuwa vina kazi au vina bei. Lakini huwapo kitu kimoja ambacho bei yake ni ndogo, walakini kila akitazamaye hunyamaza. Mmoja asema, "Na kitunzwe, maana baba yumo ndani yake." Mwingine ajibu, "Hicho ni kitu tu. Baba yuko kwa Bwana." Ni nani asemaye kweli? Je, kitu chaweza kumkumbuka mtu? Na Mkristo akitunze namna gani, asije akakidharau, wala asije akakiabudu?

Ni vigumu kulijibu swali hili tukitaja vitu vya nyumba zetu wenyewe, kwa sababu machozi na madai huingia upesi katika maneno yetu. Nabii Nathani alipotaka mfalme Daudi aione kweli, alianza na habari ya mwana-kondoo wa mtu mwingine (2 Samweli 12). Basi nasi na tutwae mfano wa mbali, tuupime kwa utulivu, kisha kila mmoja aurudishe nyumbani kwake. Mfano wetu ni fimbo ya kuvulia samaki, ile ya mianzi ya namna ya kale, ambayo jamaa nyingi za Uingereza na Marekani huitunza, baba akimwachia mwana, na mwana akimwachia mjukuu.

Kwanza tuseme fimbo hiyo ni kitu gani. Katika mito ya maji ya baridi yuko samaki aitwaye trauti. Wasomaji wa Kenya huenda wamjua, kwa maana aliletwa katika mito ya milima ya Nyandarua mwaka 1905, akaongezeka. Samaki huyo hula wadudu wadogo waelekao juu ya maji. Kwa hiyo mvuvi wake hatumii minyoo, bali hufunga manyoya ya ndege na nyuzi juu ya ndoana ndogo, akafanya mfano wa nzi. Nzi huyo ni mwepesi mno, hatupiki mbali kama jiwe. Basi uzito umewekwa katika mshipi wenyewe, na fimbo huurusha mshipi nyuma na mbele hewani, mpaka unyooke wote, na yule nzi wa manyoya atue majini polepole kama mdudu wa kweli. Ndiyo maana fimbo hii haina budi kuwa nyepesi, yenye kupindika sana na kurudi tena pasipo kuvunjika.

Hapo kale fimbo hizo zilifanywa kwa miti migumu. Katika karne ya 19 mafundi walivumbua njia nyingine. Huko Easton, Pennsylvania, alikuwapo fundi wa bunduki, jina lake Samuel Phillippe, aliyeanza katika miaka ya 1840 kufanya fimbo kwa vipande vya mwanzi vilivyogandamanishwa. Baada yake Hiram Leonard wa Maine akaieneza kazi hiyo, na huko Alnwick, Uingereza, nyumba ya Hardy iliyoanzishwa mwaka 1872 ikapata sifa kubwa. Mwanzi uliopendwa kuliko yote ulitoka jimbo la Guangdong katika China, nao wafanya biashara waliuita mwanzi wa Tonkin.

Fundi huupasua mwanzi kwa urefu, akavipiga randa vipande sita, kila kimoja chenye pembe tatu zilizo sawa. Nguvu ya mwanzi imo katika nyuzi zilizo karibu na ganda la nje. Kwa hiyo huchonga upande wa ndani tu, wala haligusi ganda. Kisha huvitia gundi, akaviunganisha vyote sita kuwa fimbo moja isiyo na uwazi katikati. Kutoka shikio mpaka ncha huipunguza unene kidogo kidogo, kwa vipimo vya sehemu za elfu za inchi. Huifunga pete za kupitishia mshipi kwa nyuzi za hariri, akaipaka vanishi, na mpini wake huufanya kwa gome lile linalofanyizwa vizibo vya chupa. Mara nyingi fimbo huwa ya vipande viwili au vitatu, vyenye viungo vya madini ambavyo kimoja huingia katika kingine, tena aghalabu huwa na ncha ya pili ya akiba.

Hata mwaka 1950 serikali ya Marekani ikakataza bidhaa za China, mianzi ikakoma kufika huko kwa miaka ipatayo ishirini. Fimbo za nyuzi za kioo zikashika mahali pake, na katika miaka ya 1970 zikaja za kaboni, nyepesi kuliko zote. Mafundi wachache wangali wanachonga mwanzi hata leo, lakini fimbo ya mwanzi imekwisha kuacha kuwa chombo cha kila mvuvi. Imekuwa kitu cha babu.

Mbona basi watu wa huko huipenda hivi, hali maduka yana fimbo mpya zilizo nyepesi zaidi? Sababu ni kwamba fimbo ya mwanzi huandikwa na mkono ulioitumia. Mpini wake huwa mweusi kwa jasho, na mahali pa kidole gumba huchimbika kidogo, mwaka kwa mwaka. Fimbo iliyovua miaka mingi huweza kupinda kidogo upande mmoja, wala hairudi kuwa nyoofu kabisa. Palipovunjika na kutengenezwa pana hariri ya rangi nyingine. Baba akiisha kufa, mwana huishika fimbo ile, na kidole gumba chake hukaa katika shimo lile lile lililochimbwa na kidole cha baba. Hapana picha wala barua iwezayo kufanya hivyo.

Tena kuitumia hakujifunzwi kwa kusoma. Hufundishwa mkono kwa mkono, kando ya maji. Norman Maclean, aliyezaliwa mwaka 1902, alikuwa mwana wa mchungaji wa Kipresbiteri katika mji wa Missoula, Montana. Alipokuwa amepita umri wa miaka sabini, alitoa mwaka 1976 kitabu kiitwacho A River Runs Through It, hadithi iliyotokana na maisha ya nyumba yao. Humo asimulia jinsi baba yao alivyowafundisha yeye na ndugu yake Paul kurusha mshipi kwa kuhesabu mapigo, kwa chombo kile kinachopimia mwendo wa muziki. Paul, aliyekuwa hodari kuliko wote mtoni, aliuawa mwaka 1938, na nyumba yake haikuweza kumwokoa. Ndugu yake alikaa miaka mingi kabla ya kuweza kuandika habari zake. Alipoandika, alimwonyesha akiwa amesimama majini, fimbo mkononi. Kumbukumbu ya ndugu yake aliikuta katika mkono ule uliorusha mshipi.

Basi turudie swali letu. Je, fimbo yakumbuka? Jibu ni hapana, nasi twaweza kulijaribu kwa njia rahisi. Fimbo ile ile na iuzwe mnadani kwa mgeni. Mgeni atasoma jina la fundi, atapima urefu, atatazama hariri na viungo, atatoa fedha zake. Shimo la kidole gumba ataliona pia, lakini kwake litakuwa ni ila ya kupunguza bei. Fimbo haikubadilika hata kidogo njiani, walakini baba hakwenda pamoja nayo. Kama angalikuwa ndani yake, angalikwenda.

Lakini mtu aweza kuuliza, "Ikiwa kitu hakikumbuki, si afadhali kukitupa, na kuyahifadhi maneno peke yake?" Hapo Neno la Mungu latupa nuru. Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto na kusimamishwa Gilgali (Yoshua 4). Mawe yale hayakuwa na andiko wala sauti. Yaliwekwa kusudi siku moja mtoto aulize maana yake, na baba yake amjibu. Angalieni agizo lile: kazi ya jiwe ni kumfanya mtoto aulize, na kazi ya baba ni kusema. Baba akinyamaza, Gilgali ni rundo la mawe tu. Na mawe yakiondolewa, huenda mtoto asiulize kamwe, naye baba asikumbuke kusema.

Waalimu wa Katekismo wajua tunavyofundisha juu ya Ubatizo, kwamba nguvu haimo katika maji yakiwa peke yake, bali imo katika Neno la Mungu lililoungana nayo. Fimbo si sakramenti, hasha! Mungu hakuifungamanisha na ahadi yo yote. Lakini hata katika mambo madogo ya nyumbani twaona kivuli cha kanuni hiyo: kitu pasipo neno ni bubu. Nasi tu watu wenye mwili, si roho tupu. Twahitaji kushika ili tukumbuke kuuliza. Hivyo yule aliyesema, "Baba yumo ndani yake," amezidisha, na yule aliyesema, "Ni kitu tu," amepunguza.

Tukiisha kuliona hilo, mashauri manne yafuata.

La kwanza ni juu ya kutumia na kuhifadhi. Katika jamaa zile hubishana sana: je, fimbo ya babu irudishwe mtoni, au ikae katika mfuko wake? Mmoja husema iliumbwa ipindike, na fimbo isiyopindika imekufa. Mwingine husema gundi ni ya zamani, mwanzi umechoka, na kila mrusho waweza kuwa wa mwisho. Maandiko yaonyesha njia zote mbili. Fimbo ya Haruni iliwekwa mbele ya ushuhuda, haikutumiwa tena (Hesabu 17). Upanga wa Goliathi ulikuwa umezingirwa katika nguo huko Nobu, lakini Daudi alipouhitaji alipewa, akaenda nao (1 Samweli 21). Hivyo hapana sheria moja.

Walakini kipimo kiko: ni njia ipi itakayoifanya habari ya marehemu isemwe? Hata kabatini fimbo haiko salama kabisa, maana ikihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na viungo vyake hushikamana. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba hakuna mtoto aiulizaye. Ikiwa fimbo ingali nzima, na itolewe siku moja katika mwaka, siku ya maji matulivu, na mjukuu aishike huku akisimuliwa. Ikivunjika siku hiyo, nyumba imepoteza mwanzi. Ikikaa nzima miaka hamsini pasipo mtu kujua ilikuwa ya nani, imempoteza mzee. Ila mwenye kumpa mtoto kitu cha kale na ajiandae moyoni kwanza. Akimfokea kikivunjika, amemrithisha hofu. Na mtoto yule, kila akisikia jina la babu, ataikumbuka fimbo ya mapigo.

La pili ni juu ya kufanya upya. Mwandishi wa kale Plutarch asimulia kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya Theseus, wakiondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana kama ni merikebu ile ile au ni nyingine. Fimbo nayo huletwa kwa fundi, na fundi huweza kubadili hariri, pete, vanishi, na mpini pia. Hurudi ikimeta kama siku iliyonunuliwa. Lakini shimo la kidole gumba halipo tena. Mwana huipokea kwa furaha, kisha huishika, akatafuta mahali pa baba, asipaone. Kwa hiyo mwenye busara humwambia fundi, "Tengeneza kilicholegea, lakini usiguse kilichochakaa kwa mkono wake." Hatusemi kwamba kila kipande cha kale ni lazima kibaki. Kanisa la usharika hubadilishwa bati na milango, nalo lingali kanisa lililojengwa na wazee, maana watu wangali wakisali humo. Lakini tusione haya kwa sababu kitu kimezeeka. Uzee wake ndio habari tuliyotaka kuisikia.

La tatu ni juu ya ugomvi. Fimbo ya vipande vitatu yaweza kugawiwa wana watatu. Mmoja atwaa mpini, mmoja kipande cha katikati, mmoja ncha. Hesabu imekuwa sawa kabisa, wala hapana tena hata mmoja awezaye kuvua. Mtu mmoja alimwomba Bwana Yesu amwamuru ndugu yake agawanye urithi naye, naye Bwana akakataa kuwa mgawanyi juu yao, akawaonya wote wajilinde na choyo (Luka 12). Urithi mwingine ukigawanywa hukoma kuwa urithi. Ni afadhali mmoja awe mtunzaji, na wengine wawe na haki ya kuja, kushika, na kusikia. Mtunzaji si lazima awe mzaliwa wa kwanza. Na awe yule aupendaye mto, ijapokuwa ni binti, ijapokuwa ni mtoto wa dada. Tena mzee mwenyewe na aseme angali hai, kwa kinywa chake, mbele ya watoto wote, ni nani atakayepokea na kwa nini. Maneno machache ya mzee aliye hai hukata kesi nyingi za waliobaki.

La nne, na lililo kuu, ni juu ya ibada. Nyoka wa shaba alifanywa na Musa kwa amri ya Mungu, na waliomtazama wakapona (Hesabu 21). Hapakuwa na kumbukumbu iliyokuwa na asili njema kuliko hiyo. Lakini baada ya miaka mingi watu walikuwa wakiifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande, akatajwa kuwa ametenda yaliyo mema (2 Wafalme 18). Katika siku za Martin Luther, mtawala wake, Frederick wa Saxony, alikuwa amekusanya huko Wittenberg masalio ya watakatifu yapatayo 19,000 kufikia mwaka 1520, na watu walitazamia kupunguziwa adhabu ya dhambi kwa kuyatazama. Yaliyoanza kwa ukumbusho yaliishia katika hesabu ya rehema.

Tusidhani mambo hayo yamekwisha duniani. Mtu aweza kuyajua katika moyo wake kwa dalili hizi: akiogopa kwamba marehemu amekasirika kwa kuwa kitu kimepotea, akiapa kwa kitu hicho, akikitegemea kimletee bahati, au akimchukia ndugu aliye hai kwa ajili ya kitu cha ndugu aliyekufa. Mwenye dalili hizo, fimbo imekwisha kumgeukia kuwa nyoka wa shaba. Ni heri aitoe, hata kwa mgeni, kuliko kuipoteza roho yake.

Tena tusiwasahau wawili walio katikati yetu. Wa kwanza ni yule ambaye kitu cha baba humkumbusha uchungu. Yuko baba aliyekuwa mkali bila huruma, na shikio la fimbo yake halina utamu kwa mwanawe. Mtu huyo asilazimishwe kutunza. Amri yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Haituagizi kuweka kila chombo chao ukutani. Aweza kusamehe kwa moyo, na kuiacha fimbo iende.

Wa pili ni yule asiye na kitu. Moto uliunguza nyumba, au vita viliwakimbiza, au baba alikuwa maskini, akazikwa na nguo yake moja. Mtu huyo akisikia habari za fimbo na urithi huona kana kwamba hana asili. Lakini Mtume Paulo alipomkumbusha Timotheo urithi wake, hakutaja chombo hata kimoja. Alitaja imani iliyokaa kwanza katika nyanya yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1). Imani hiyo nayo ilipokewa mkono kwa mkono, kama vile mtoto afundishwavyo kurusha mshipi kando ya maji: kwa kuketi karibu, kwa kuona, kwa kurudia. Haikuhitaji bomba la kuihifadhia wala haikugawanyika vipande. Wana kumi wakiipokea, kila mmoja aipokea nzima.

Basi, ndugu wasomaji, tukirudi sasa katika nyumba zetu, tutazame kile kitu kimoja tunachokinyamazia: kiti, jembe, mkeka, kitabu cha nyimbo chenye jalada lililochanika. Wenye wazee walio hai wasingoje matanga. Waende jioni hii hii waulize, "Hiki kilikuwa cha nani, na alikuwa mtu wa namna gani?" Na wazee wakiulizwa wasiseme, "Utajua ukikua." Wajibu, maana baada yao hakitabaki kitu kiwezacho kujibu mahali pao.

Naye Bwana, ambaye hamsahau hata mmoja wa walio wake, awe na ukumbusho wetu mkononi mwake. Amina.